Prosesa Haiji Peke Yake

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda kiasi cha kuharibu bajeti za watu waliokwisha kuweka akiba. Chipu za kumbukumbu duniani zinatoka zaidi kwa kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na zote tatu zimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba, ambako ndiko kuliko na faida. Desemba 2025 Micron ikatangaza kuachana na Crucial, jina lililozoeleka kwenye vijiti vya RAM tunavyonunua sisi watu wa kawaida. Anayetaka kuunda kompyuta ya gemu leo anakuta fungu la RAM limeshakula mafungu mengine, na hapo ndipo ugomvi wa zamani unapofufuka: kilichobaki kiende kwenye prosesa au kwenye kadi ya grafiki?

Ugomvi huo nimeusikia kwa miaka. Kazi yangu ya mchana ni uhasibu. Kuunda kompyuta ni jambo la jioni na la wikiendi, kwa ajili yangu, ndugu, na marafiki wa marafiki. Kwa kuwa ni mtu wa vitabu vya hesabu, wengi hutarajia niwape asilimia. Ipo moja inayozunguka sana, kwamba kadi ichukue mara mbili ya prosesa. Sijawahi kuitumia. Mashine nilizozigusa zimenionyesha kwamba mgawanyo wa pesa huamuliwa na vitu vingine kabisa, na mara nyingi huwa umeshaamuliwa kabla mnunuzi hajatoa hata shilingi.

Mashine yangu ya kwanza ya gemu niliinunua Kariakoo mwaka 2018. Ilikuwa Dell OptiPlex 7010, zile kasha nyeusi zinazoshuka kwa kontena kutoka maofisini Ulaya, na ubavuni ilikuwa bado na karatasi ya namba ya mali yenye maandishi ya Kijerumani, imebanduliwa nusu. Ndani ilikuwa na Core i5-3470, prosesa ya mwaka 2012 yenye viini vinne. Mfukoni nilibaki na pesa ya kutosha kadi ya maana, na kichwani nilikuwa nimeshachagua. Fundi akailaza mashine ubavu, akaipuliza vumbi kwa blowa mpaka jirani wa kibanda cha pili akalalamika, kisha akainamisha tochi ya simu kwenye pawa saplai.

“Bosi, hapa wati mia mbili sabini na tano,” akasema. “Na waya wa kadi hauna.”

Kadi niliyoitaka ilihitaji waya wake wa umeme kutoka kwenye pawa saplai. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75, basi. Kinachozidi hapo lazima kije kwa waya. Pawa saplai za kasha nyingi za ofisi zina umbo lao wenyewe, huwezi kuchomoa na kuchomeka yoyote uliyoikuta dukani. Nikaondoka na GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016 yenye GB 4, ambayo inatosheka na hizo wati 75 bila waya wa pembeni. Pesa iliyobaki nikarudi nayo nyumbani.

Nikicheza GTA V kwenye monita yangu ya 1080p, mashine ile ilitulia kabisa. Baadaye nilipoanza kupima niliona kwamba prosesa na kadi vilikuwa vinaenda sambamba, hakuna aliyekuwa anamsubiri mwenzake. Mtu akiiona leo atasema nilipanga kwa busara. Ukweli ni kwamba aliyepanga ni yule mhandisi wa pawa saplai, ambaye hakuwa na habari na gemu. Tangu hapo, mtu akiniletea orodha ya vifaa, macho yangu huanzia chini kabisa, kwenye kifaa ambacho hakuna anayejivunia.

Hapa inabidi nieleze kazi inavyogawanywa, maana wanunuzi wengi hawajawahi kuelezwa. Katika gemu, prosesa ndiyo inayojua nani yuko wapi. Inahesabu magari, risasi, watembea kwa miguu, mpira ulipogonga mwamba, kisha inaandaa maagizo ya kuchora picha moja na kuyakabidhi kwa kadi. Kadi inapaka rangi pikseli zote. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu, na kazi zote mbili zinatakiwa ziishe ndani ya muda huo. Ukitaka 144, muda unashuka hadi karibu milisekunde 7. Aliye mzito kati ya wawili ndiye anayeamua mwendo, na yule mwepesi hata umnunulie ukubwa gani atakaa akingoja.

Nilikuja kuliona hilo kwa macho Sinza, kwa kijana mmoja aliyekuwa na chumba cha kuchezesha gemu kwa saa. Naye alikuwa na prosesa ya familia ile ile ya kwangu, viini vinne, ila alikuwa amepata mazabodi ya kawaida na pawa saplai ya nguvu, akachomeka GTX 1070 iliyotumika. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa kadi ya kuitana watu. Lakini alikuwa na hasira. Aliamini ameuziwa feki, na alikuwa ameshakwenda kumpandishia sauti aliyemuuzia.

Nikamwomba afungue gemu lenyewe linalomsumbua. Lilikuwa Assassin's Creed Odyssey, lililotoka Oktoba 2018, la Ugiriki ya kale. Merikebu ikiwa baharini kila kitu kiliteleza: maji, jua, nyangumi kwa mbali, raha tupu. Akatia nanga, akaingia Athens. Hapo picha ikaanza kukwama. Kila akikata kona sokoni, watu wanatokea, picha inaganda kidogo, inaruka, inaganda tena. Namba zilizokuwa pembeni mwa kioo zilionyesha kadi inafanya kazi nusu ya uwezo wake, huku viini vyote vinne vya prosesa vikiwa vimegota juu.

“Si unaona? Kadi haifanyi kazi,” akaniambia.

Nikamwambia ashushe rezolusheni kutoka 1080p hadi 720p. Alinitazama kwa mashaka, maana picha ilikuwa mbaya ya kutia huruma, lakini akashusha. Fremu hazikuongezeka. Tulikuwa tumeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya pikseli za kupaka na mwendo ukabaki ule ule, kwa sababu Athens haikuwa nzito kwa kadi. Ilikuwa nzito kwa anayehesabu watu wa sokoni. Jaribio hilo halina gharama na halihitaji fundi: shusha rezolusheni, tazama fremu. Zikipanda, kadi ndiyo ilikuwa inabana. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayobana, na kadi kubwa zaidi haitakusaidia kitu.

Ipo hadhari moja. Wengi hutazama asilimia ya jumla ya prosesa, wakaona 40 au 50, wakasema imepumzika. Gemu nyingi hubebesha kiini kimoja mzigo mkubwa kuliko vingine. Kiini hicho kikijaa, wenzake wanaweza kuwa wanapiga miayo na mashine bado ikakwama. Tazama kiini kimoja kimoja.

Kwa yule kijana tiba haikuwa rahisi. Kubadilisha prosesa ile kwa ya kizazi kipya kulimaanisha mazabodi mpya, na mazabodi mpya ilitaka RAM ya DDR4 wakati yeye alikuwa na DDR3. Kadi unaitoa leo, unaweka nyingine kesho, mengine yote yanabaki. Prosesa ni bibi harusi anayehamia na ukoo mzima: ukimleta, unawapokea na mazabodi na RAM, wakati mwingine hata na feni. Wanaogawa pesa kwa asilimia husahau jambo hili kila mara. Wanalinganisha bei ya kifaa na bei ya kifaa, wakati walitakiwa walinganishe gharama ya kubadili mawazo baadaye.

Nimeona pia kinyume chake, tena mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Mwenzangu mmoja wa ofisini alimnunulia mwanawe kompyuta kwa sababu muuzaji alimwambia ni Core i7. Neno hilo lina nguvu mjini kwetu. Watu wanalisoma kama daraja la mtihani, i3 amefeli, i5 wastani, i7 amefaulu. Ilikuwa i7-3770 ya mwaka 2012, na kwa kuwa pesa iliishia hapo, kadi ikawa GT 1030 ya GB 2. Mtoto hakuweza kucheza alichotaka na baba hakuelewa ni kwa nini, maana si ni i7? Nikamwonyesha kwamba namba inayofuata ndiyo yenye habari. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini vinne vinavyobeba kazi nane kwa mpigo, hesabu ile ile ya i7 yake, lakini miaka kumi ya maendeleo ndani ya kila kiini inaiacha i7 hiyo mbali sana. Hakufurahi kusikia kwamba i3 imeishinda i7. Bado akikutana na mimi kwenye korido hunitania kuhusu hilo.

Kisha ukaja wakati ambao kadi ziliadimika. Septemba 2020 Nvidia walitoa RTX 3080 kwa bei rasmi ya dola 699, na kwa muda mrefu bei hiyo ilikuwa kitu cha kusoma tu. Corona ilikuwa imevuruga viwanda na usafirishaji, na wachimbaji wa sarafu ya Ethereum walikuwa wananunua kadi kwa mafungu, kwa kuwa kadi za grafiki ndizo zilizokuwa zana yao. Kariakoo kadi za kawaida kabisa zilipanda, na muuzaji hakuwa tena na haja ya kukubembeleza.

Mashine yangu ya Kijerumani ilikuwa imechoka. Nikaamua kuacha kadi kabisa kwa muda. Mwishoni mwa 2021 nilinunua Ryzen 5 5600G, prosesa ya viini sita yenye grafiki ndani yake, mazabodi yenye mlango wa prosesa wa AM4, na vijiti viwili vya RAM vya GB 8. Viwili, kwa makusudi. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake. Inatumia RAM ya mashine, na vijiti viwili vikifanya kazi pamoja vinaifungulia njia mbili badala ya moja. Niliwahi kumwona mtu akiweka kijiti kimoja cha GB 16 kwenye prosesa ya aina hiyo ili “aache nafasi ya kuongeza”, na fremu zake zilikuwa za kusikitisha kwa sababu hiyo tu.

Kwa miezi mingi nilicheza bila kadi. Valorant ilienda vizuri. Mpira nao ulichezeka, setingi zikiwa chini. Gemu kubwa niliziweka kando na sikufa. Marafiki waliokuwa wamelipa bei za wakati ule walinicheka, na baadhi yao hawapendi kukumbushwa.

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake, uchimbaji kwa kadi ukaisha kwa usiku mmoja, na kadi za wachimbaji zikamwagika sokoni dunia nzima. Shemeji yangu alikuwa anatoka Dubai mwezi uliofuata. Akaniletea RX 6600 iliyotumika, imefungwa ndani ya kanzu. Niliikagua kabla ya kumlipa: nikazungusha feni kwa kidole kusikia kama beringi zinakwaruza, nikatazama skrubu za nyuma kama zimechokonolewa, kisha nikaiacha ikicheza gemu zito wakati wa joto la mchana, dirisha wazi, bila kiyoyozi, huku natazama jotoridi. Kadi ya mtumba ikaguliwe katika joto la mahali itakapoishi. Chumba cha Tabata mwezi wa pili si chumba cha Ulaya, na kadi iliyotulia kwenye video ya mtu wa Sweden inaweza kupiga kelele kama jenereta ikifika kwako.

Kadi ikaingia, mengine yote yakabaki. Ndipo nilipoielewa faida ya kuanza na ukoo. Familia ile ya AM4 imekaa muda mrefu isivyo kawaida: mazabodi zilizotoka na Ryzen za kwanza mwaka 2017 nyingi zinaweza, baada ya kusasishwa BIOS, kupokea Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, ambayo ina MB 96 za kumbukumbu ya L3, ile iliyo ndani ya prosesa yenyewe, na hupenda sana gemu. Si familia zote ziko hivyo. Nyingine hubadili mlango kila baada ya vizazi viwili, na mnunuzi mwenye pesa za kudunduliza anapaswa kulijua hilo kabla ya kuchagua, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama miaka mitatu ijayo atabadilisha kifaa kimoja au vitatu.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja baadaye, na hakikuhusu prosesa wala kadi. Nilinunua monita ya 1440p. Kabla yake, kwenye 1080p, gemu zenye watu wengi ziliiacha kadi yangu kwenye asilimia sabini hivi. Prosesa ndiyo ilikuwa inabana, na nilishaanza kuitafutia mbadala. Siku nilipochomeka monita mpya, gemu lile lile, mashine ile ile, kadi ikapanda hadi 98 na kukaa hapo. Prosesa niliyotaka kuiuza ikawa inatosha na kubaki. Hesabu yake iko wazi: 1080p ni pikseli milioni 2.07, 1440p ni milioni 3.69. Kadi inaongezewa karibu asilimia themanini ya kazi, wakati prosesa inahesabu watu wale wale wa sokoni. Ukienda 4K ni milioni 8.29, mara nne ya 1080p, na huko hata prosesa ya bei ya chini inaweza kuonekana hodari.

Kwa hiyo swali la “prosesa gani inaendana na kadi hii” halina jibu mpaka kioo kitajwe, na gemu litajwe. Anayecheza Valorant au Counter-Strike kwenye kioo cha 1080p chenye kasi ya 144 au 240 anatumia prosesa kuliko anavyodhani. Anayetaka kutembea taratibu ndani ya Red Dead Redemption 2 kwenye runinga ya 4K, sofani, anatumia kadi. Wote wawili wakija na bajeti sawa, nitawapa mashine mbili zisizofanana, na kila mmoja akiiona ya mwenzake ataiona imepangwa vibaya.

Mwezi uliopita mpwa wangu anayesoma Dodoma alinipigia.

“Shikamoo mjomba. Nimepata milioni mbili. Nataka RTX 4060 Ti, kuna mashine ya ofisi nitaichomekea.”

“Marahaba. Mashine yenyewe ina pawa saplai ya wati ngapi?”

Kimya.

“Kioo je?”

“Kioo kipi mjomba?”

Hakuwa na monita. Alikuwa ametenga karibu pesa yote kwa kadi na hakuwa na kitu cha kuitazamia. Tulipozungumza vizuri ikajulikana kwamba anacheza Valorant na EA FC, na kwamba hostelini kwao meza inatosha monita ya inchi 24. Basi kadi ile angeiacha ikingoja kama ile ya Sinza. Nikampangia njia niliyoipita mimi: mazabodi ya AM4 iliyotumika, Ryzen 5 5600G, vijiti viwili vya GB 8 vya DDR4. DDR4 nayo imepanda, lakini vilivyotumika bado vinapatikana ukivumilia kutafuta, na DDR5 kwa sasa sitamshauri mwanafunzi. Pawa saplai mpya, ya jina la kueleweka, hapo sikukubali mjadala. Monita ya 1080p yenye kasi ya 144. Nikamweleza na kasoro: 5600G ina nusu ya kumbukumbu ya L3 ya 5600 ya kawaida, MB 16 dhidi ya 32, hivyo siku atakapoweka kadi itakuwa nyuma kidogo. Lakini 5600 ya kawaida bila kadi haitoi picha kabisa, na kadi kwa sasa hana.

Alikubali yote isipokuwa moja. Yeye hataki kusubiri kadi mpaka amalize chuo. Kuna mwenzake wa mwaka wa mwisho anayeuza RX 6600 akiondoka, na amepanga kuichukua bumu la muhula ujao likitoka. Nilimwambia bumu ni la chakula na vitabu. Akanijibu kwamba vitabu viko kwenye simu. Ameshamwomba mwenzake ampe nafasi ya kuiwasha saa nane mchana, dirisha likiwa wazi.